Mtani Halii

Siku tulipomzika Hiza pale Misima niliwachekesha waombolezaji mpaka wengine wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani. Mimi ni Mnyamwezi wa mashamba ya mkonge, yeye alikuwa Mzigua, na tangu enzi za wapagazi makabila haya mawili hayalipani machozi. Akifa Mzigua, Mnyamwezi anakuja msibani kufanya fujo, na akifa Mnyamwezi, Mzigua analipiza. Basi nikavaa koti lake la kahawia, nikatembea kama alivyokuwa akitembea, bega moja limetangulia, kisha nikasimama mlangoni kuzuia jeneza lisitoke. "Huyu haendi popote," nikapiga kelele, "mpaka aseme kuku wangu alimla na nani!" Watu wakaangua kicheko, na shehe akainamisha kichwa kuficha meno. Kina mama waliokuwa wakilia wakanyamaza, wakajifuta kwa khanga, wakasema huyu mtani hana adabu hata kidogo, na kwa namna walivyolisema nikajua nimefanya vizuri. Jioni nikarudi kwangu Kang'ata, nikakaa kitandani bila kuvua viatu. Binti yangu aliponiuliza kama nitakula nilimwambia nimeshashiba huko huko.

Nimefika umri ambao simu ikilia alfajiri naijua habari kabla sijapokea. Nimezika wengi, na wengi wao nimewalilia kama mtu mwingine yeyote. Kwa Hiza sikuruhusiwa. Simlaumu mtu, maana sheria hiyo ya utani tuliikumbatia wenyewe, nayo ikatusitiri miaka mingi. Nataka kueleza ilivyotusitiri na ilivyotugharimu. Habari yenyewe ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Korogwe baada ya kumaliza kidato cha nne, nikifanya kazi katika banda la video la Mzee Athumani. Nitaisema bila kuizungusha, kwa sababu kuzungusha nako kumenichosha.

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya soko, na lilinuka jasho la watu na mkonge. Harufu ya mkonge ilitoka korona, kule wanakokamulia katani, na ni harufu ambayo mgeni huziba pua na mwenyeji wala haisikii. Mbele palikuwa na runinga juu ya meza, chini yake deki imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie, halafu mabenchi mpaka mlangoni. Kando ya runinga alikaa Hiza na kipaza sauti. Vijana wa leo wanasoma maandishi chini ya picha. Sisi tulikuwa na Hiza. Yeye ndiye aliyekuwa jambazi, polisi, mke wa polisi, farasi na bunduki. Kanda za karate zilitoka Tanga kwa basi, na mara nyingi hazikufika. Siku hizo tulifungua boksi la kanda za zamani lililoachwa na mke wa meneja wa shamba la mkonge alipohama, sinema za Holiwudi za enzi za bibi yake, nyingi hazina rangi, watu wanaongea sana na kupigana kidogo. Hapo ndipo nilipohitajika. Hiza alikuwa na sauti, ila Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule na, kwa maneno yake mwenyewe, sauti ya mbuzi mwenye kikohozi.

Kazi yetu ilikuwa mchana. Tulifunga mlango wa banda, tukaitazama kanda ya jioni sisi wawili, mimi nikimwambia mzungu kasema nini, yeye akilijaribu mdomoni kwa Kiswahili mpaka likae. Tulirudisha nyuma, tukasikiliza tena, tukabishana. Saa ya chakula Mama Salome, mama ntilie wa jirani, alileta bada, ugali wa muhogo wa Kizigua, na kisamvu, akakaa na sisi akisubiri vyombo. Hakujua Kiingereza wala hakuuliza. Kulikuwa na sinema moja ya mwanamke mwenye shamba la farasi, amevaa suruali na tai, na rafiki yake mwembamba anayekuja kumtembelea kutoka mjini. Mwenye tai alimwashia mwenzake sigara, akaendelea kuushika ule mkono kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Mama Salome akasema, huku anakwangua sufuria, "Huyo mume hana, na wala hamtafuti." Hiza akamwuliza kajuaje. "Nimeishi na watu, baba," akajibu, akachukua vyombo vyake akaondoka. Tulitazamana tukacheka, halafu tukaacha kucheka, na nakumbuka nilijishughulisha na kufuta meza iliyokuwa safi.

Baada ya hapo tukaanza kuona. Nikisema "tukaanza kuona" nina maana macho yetu yalizoea giza lile. Sinema ya wanaume wawili wanaokaa nyumba moja mjini, mmoja hawezi kutoka mpaka mwenzake amnyooshe tai, na kila akija mwanamke yule mnyoosha tai ananuna. Nikamfasiria Hiza kwamba mzungu anasema hampendi yule dada kwa sababu ni mbadhirifu. Hiza akasimamisha kanda. "Mbadhirifu? Mtazame anavyomtazama. Huyu ana wivu wa mke mwenza." Nikamwambia maneno hayasemi hivyo. Akasema, "Maneno yanasema walichoruhusiwa." Alibahatisha tu, lakini miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Holiwudi zamani kulikuwa na kanuni za kukataza mambo hayo yasitajwe kabisa, na watengenezaji wakajifunza kuyasema kwa mkono unaokawia begani, kwa mlango unaofungwa polepole, kwa mwanamke anayeletwa dakika za mwisho ili aolewe haraka haraka na watazamaji waende nyumbani wametulia. Nilipoyasoma nilikuwa mwalimu mzima mwenye watoto. Nilifunga kitabu nikaenda kusahihisha madaftari, na moyo ulikuwa mzito mchana kutwa.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya banda, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Kitanda cha kamba kilikuwa kimoja. Tulikilalia pamoja kwa sababu kilikuwa kimoja, na baadaye kwa sababu tulitaka. Tulipendana. Nimeandika na sifuti. Alikuwa akimenya chungwa bila kukata ganda, akinipa nusu bila kunitazama, na mimi nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya ile nusu. Mbele za watu aliniita Mnyamwezi, mpagazi, mla vya njiani. Tukiwa wawili aliniita mbuya, ambalo kwao ni rafiki, lakini yeye alilitamka taratibu, na mimi nilijua uzito wake. Nje hatukujificha, na hilo ndilo lililotuokoa. Hiza akinishika mkono sokoni, watu walisema watani hao. Nikivaa shati lake, nikila sahani yake, nikimtukana mbele ya shangazi yake aliyekuja kutoka Misima, watani hao. Lingetamkwa lile neno jingine, mtu angeishia mikononi mwa polisi, au mikononi mwa watu, ambako ni kubaya zaidi. Utani ulikuwa na nafasi ya kutosha kutuficha wote wawili, ilimradi tuendelee kuchekesha.

Ndiyo maana ilipokuja ile sinema ya wachunga ng'ombe, Hiza akaona njia. Wanaume wawili wanaswaga kundi kubwa la ng'ombe nyikani, mmoja mrefu asiyeongea, mwingine mfupi mwenye maneno mengi. Usiku wanalala kwenye blanketi moja, asubuhi mrefu anamshonea mfupi shati, wanagombana njia nzima na hakuna anayeondoka. "Hawa tuwafanyeje?" nikamwuliza. Akafikiri, akatabasamu. "Watani. Yule mrefu Mnyamwezi, huyu mfupi Mzigua." Jioni ile banda lilipasuka kwa vicheko. Wengi wa watazamaji wetu walikuwa watoto na wajukuu wa wakata mkonge, wametoka kila pembe ya nchi, na utani waliukulia. Kila mrefu alipomfunika mwenzake blanketi walipiga kelele, "Mnyamwezi anatunza mzigo wake!" Wamasai waliokuja gulioni wakasimama nyuma na fimbo zao, wakawahurumia ng'ombe kwa kukonda. Mmoja wao akasema haoni cha kucheka, wale ni rika moja, walitahiriwa pamoja, ndivyo watu wa rika moja wanavyolala porini. Kila mtu alikuwa na jina la kuwapa wale wawili, na majina yote yalikuwa ya heshima. Nilikaa kwenye benchi la mbele nikisikiliza watu wa Korogwe wakiwapenda wanaume wawili wanaopendana, na nilifurahi mpaka nikaona aibu ya kufurahi.

Ikawa sinema yao. Waliiomba kila mara, na Hiza alikuwa akiikatisha kabla ya mwisho, akisema kanda imekwaruzika. Mwisho wake ulikuwa mbaya. Mfupi anapigwa risasi, mrefu anampakata mapajani, anavua kofia, analia. Ni kilio cha kweli, cha mwanaume aliyesahau kuwa anatazamwa. Mzee Athumani akachoka na malalamiko, akasema onyesheni mpaka mwisho, watu wamelipa. Tukakaa mchana mzima tukiandaa mzaha wa kuweka juu ya kilio kile, maana mtani akifa mtani wake hachezi mbali. Tulipata mzaha mzuri. Mrefu angemwambia maiti ainuke, aache uvivu, mahindi ya Wazigua hayajipalilii. Hiza aliusema mara nyingi mbele yangu, na kila mara tulicheka.

Jioni ilipofika banda lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Risasi ikalia. Mfupi akaanguka. Watu wakajiweka sawa wacheke, kuna mzee mmoja wa Kinyamwezi, mkata mkonge mstaafu, alikuwa ameshaanza kabisa. Mrefu akapiga magoti, akamshika mwenzake. Hiza akainua kipaza sauti. Mzungu akasema maneno yake mafupi, ambayo nilishamfasiria, na ambayo tulikubaliana tutayafunika. Hiza akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya chumbani, "Mbuya wangu, usiniache." Neno langu likatoka kwenye spika, likaenda mpaka kwa wauza nyanya nje. Nilihisi baridi kwenye joto lile la mabati. Na kisha kikasikika kilio, na sikujua ni cha mzungu au cha Hiza.

Yule mzee akasimama. "Simamisha hiyo!" akasema. Hakuwa na ubaya, alikuwa amekerwa kama mtu aliyeona ibada inakosewa. "Mtani halii! Hiza, umetuambia hao watani. Mtani halii, hata siku moja. Huyu anamlilia mwenzake hivi, kwani kwake ni nani?" Wengine wakaitikia, ndiyo, ni nani? Hapo watu hawakuwa wanatazama runinga tena. Walimtazama Hiza, na mmoja mmoja wakaanza kugeuka kunitazama mimi. Sikuwahi kuogopa vile kabla na sijaogopa vile tena. Hiza akajifuta uso kwa mkono wa shati, shati langu, akavuta pumzi. "Ni ndugu yake," akasema. "Tumbo moja. Nilisahau kuwaambia mwanzo." Mzee akauliza itakuwaje Mzigua na Mnyamwezi watoke tumbo moja. "Mama yao alitembea!" Hiza akasema, na banda zima likaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Hakuna aliyetudhuru. Hili nalisema kwa sababu watu wakisikia habari kama hii husubiri mawe. Yalikuja maneno madogo. Wanywa chai kwa Mama Salome wakaanza kuuliza, "Na ninyi, siku mmoja akifa, mwingine atalia?" wakacheka, nasi tukacheka. Mzee Athumani akanunua kitanda cha pili bila kuombwa, akakiweka chumbani mwenyewe, akakaa kidogo mlangoni kana kwamba ana la kuongeza, akaenda zake. Hiza akabadilika. Mchana tukiandaa kanda hakuuliza tena nani anamtazama nani. Nikimwambia maneno alichukua maneno, basi. Siku moja akiwa anamenya chungwa akasema kwao wamempatia binti wa Kang'ata, mchapakazi, anaitwa Zaina. Nikamwuliza kama amemwona. "Nimemwona. Ana heshima." Akanipa nusu yangu. Nikamwambia, "Hukulazimika kulia, Hiza. Tulikuwa na mzaha mzuri." Akanijibu, "Niliona itakavyokuwa siku ukifa." Hatukulizungumza tena jambo hilo maisha yetu yote.

Harusini nilikuwa mtani wa kupigiwa mfano. Nilimzuia bibi harusi njiani, nikadai nimpime kama ana nguvu za kubeba uvivu wa Kizigua, na Zaina, aliyekuwa na aibu mpaka shingoni, akacheka chini ya mtandio. Mwaka ukaisha hivyo. Nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule Kang'ata, kijiji cha mke wa Hiza, kwa mpango wa serikali na si wangu. Nikaoa, nikapata watoto, nikampenda mama yao kwa kadiri nilivyoweza, naye akafa kabla yangu. Hiza na mimi tulitembeleana kila sikukuu, tukatukanana mbele ya wake na watoto, tukasifiwa kwa utani wa kale usiopatikana siku hizi. Alizeeka vizuri. Mara moja moja, watu wakitoka uani na sisi tukabaki, mazungumzo yalikwisha ghafla, tukakaa tukitazama mbele kama vile kuna runinga. Ilikuwa kazi ngumu, ile kazi ya kuchekesha. Sijui kama watu wanajua mtani anachoka kiasi gani.

Eda ilipokwisha nikaenda Misima kumjulia hali Zaina, ambaye siku hizi namwita Mama Asha kama wote. Watoto walikuwa shamba. Akaniletea chai na muhogo wa kuchemsha, akakaa mkekani, tukaongea habari za mvua iliyochelewa na za mbuzi. Halafu akawa anakunja pembe ya khanga.

"Mtani, nikuulize jambo la kipuuzi?"

"Uliza, Mama Asha."

"Ile sinema yenu ya wachunga ng'ombe. Marehemu kanisimulia miaka yote, mpaka akiwa hajiwezi kitandani. Kila mara anasema wale ni ndugu, tumbo moja. Ni kweli?"

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa umekaa pale tangu ujana wangu, na ungetoka wenyewe. Nikaumeza.

"Hapana," nikasema. "Hawakuwa ndugu."

"Na watani?"

"Wala watani."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Nilijua. Akifika pale mmoja anapokufa hakuwahi kumaliza. Anageukia ukutani, anajifanya usingizi umemchukua. Mimi nalala hapo hapo nyuma yake." Akaitazama chai yangu. "Nilikuwa na hasira na wewe, mtani. Nilikupikia kila sikukuu nikiwa na hasira. Baadaye nikaona mnavyozeeka mnachekesha watu, nikasema hawa nao wameadhibiwa vya kutosha."

Nikamwomba radhi kwa kitu ambacho sikukitaja. Akanikatiza kwa mkono. Akainuka, magoti yakamlalamikia, akafunga mlango wa uani, kisha akafunga na wa mbele. Nikamwambia majirani watasema. Akasema waseme, yeye ni bibi kizee.

Akarudi kukaa mkekani, mbele yangu kabisa, akajifunga khanga vizuri kama mtu anayejiandaa kukaa muda mrefu.

"Siku ile uliwachekesha vizuri, na ulimheshimu," akasema. "Mimi nilimlilia mwezi baada ya mwezi, watu wakanishika mikono. Wewe nani alikushika?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi lia, baba. Hujamlilia mume wangu bado."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya mke wake, mzee mzima na muhogo mkononi, nikamwita kwa majina yote niliyokuwa nayo, na Mama Asha akanishika mkono mpaka nikamaliza.